KIZURI CHAJIUZA? LA, MFUGAJI NA ASEME MWENYEWE ALICHO NACHO

Wakulima wa skimu za makazi, wazee wetu wa pwani husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, nami sitaki kuivunjia heshima. Lakini naona kwamba katika jambo moja methali hii inawatia wengi wenu hasara, nalo ni jambo la kuuza mifugo ya mbegu. Embe likiwa zuri, mnunuzi hulitazama, hulinusa, hulibonyeza, akajua. Beberu wa mbegu hajulikani hivyo. Uzuri wake uko kwa mama yake na baba yake, na kwa watoto atakaowazaa, na hayo yote hayaonekani kwa macho mnadani. Jambo lisiloonekana hapana budi lisemwe, na mwenye kulisema awe ni yule anayelijua.

Nitaanza na mfano ambao huenda ukawachekesha wengine, nao ni wa wafugaji wa mbwa. Msicheke sana, kwa maana kila mwenye shamba la mahindi anawajua nyani, tumbili na nguruwe mwitu, na anajua thamani ya mbwa mzuri. Hata sisi Waislamu, ambao hatumweki mbwa nyumbani, tumeruhusiwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba.

Siku hizi wafugaji wengi wa mbwa, Uingereza na Marekani, hujifungulia ukurasa wao wenyewe katika intaneti. Mfugaji hutaja jina lake na jina la banda lake. Huweka picha ya mama na ya baba, huandika ukoo wao, chanjo walizochanjwa na siku ambayo watoto watakuwa tayari kuondoka. Mtu atauliza: kwa nini ajisumbue hivyo, na masoko ya jumla yako tele katika hiyo hiyo intaneti, ambako mtu aweza kutangaza mbwa pamoja na baiskeli na makochi?

Sababu ni nne, nami nawaomba mzisome polepole, maana zote zinawahusu ninyi.

Kwanza, katika soko la jumla mnyama mwema na mnyama mbovu husimama bega kwa bega, na mnunuzi asiyeelezwa tofauti yao hutazama bei tu. Hapo mwenye mnyama mbovu ndiye hushinda, kwa kuwa yeye hakugharimia chanjo wala chakula, na aweza kuuza rahisi.

Pili, mfugaji ana jina la kulilinda. Aliyeweka jina lake wazi huogopa kuuza mnyama mgonjwa, kwa sababu aibu itamrudia mlangoni.

Tatu, mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na watoto huweza kuachana na mama baada ya majuma 8. Asipokuwa na wanunuzi wanaongoja tangu kabla ya watoto kuzaliwa, atalisha vinywa vinane au tisa huku akihangaika, na mwishowe atauza kwa bei yoyote.

Nne, mnunuzi hurudi kuuliza. Mnyama akiumwa au akikataa kula, mwenye kujua tabia ya ukoo ule ni mfugaji, si mchuuzi aliyempitisha tu.

Waingereza wameona uzito wa jambo hili hata wakalitungia sheria. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, huko Uingereza mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi 6, ila kama amemzalisha mwenyewe. Sheria hiyo huitwa kwa jina la mbwa mmoja, Lucy, aliyeokolewa katika banda moja huko Wales alikokuwa akizalishwa ovyo. Majike kama yeye walikuwa wakizalishwa bila kupumzishwa, nao wanunuzi hawakujua lolote, kwa sababu mchuuzi alisimama katikati na kuwaziba macho.

Sasa tazameni mfano wa hapa kwetu Afrika. Yuko mbwa aitwaye Basenji, ambaye asili yake ni misitu ya Kongo. Ni mbwa wa kuwinda, habweki kama mbwa wengine, na jina lake, lililotoka katika lugha ya Kilingala, lina undugu na neno letu la dharau, washenzi. Basi mbwa huyo wa kudharauliwa alipelekwa Uingereza mwaka 1895, akafa. Mwaka 1937 walipelekwa wengine, na uzao wao ukaendelea. Wafugaji walimwandika kila mtoto aliyezaliwa, baba yake na mama yake, na mbwa asiye na thamani akawa mbwa wa kutafutwa kwa pesa nyingi.

Lakini daftari lile lilifanya kazi nyingine kubwa zaidi. Magonjwa ya damu na ya figo yalipozidi katika mbwa hao, wafugaji walifungua maandishi yao, wakaona kwamba karibu wote wanarudi kwa mababu wachache tu. Mwaka 1987 na mwaka 1988 Wamarekani walisafiri mpaka Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule, wakatafuta mbwa wengine, na mwaka 1990 chama chao cha mbwa kikafungua kitabu chake ili damu hiyo mpya iandikwe. Kama wasingeandika, wangeona wanyama wanakufa na kulaumu mkosi.

Na ninyi je? Fanyeni hesabu ndogo pamoja nami. Beberu anaingia bandani mwako mwezi wa Januari. Mbuzi hubeba mimba kwa miezi 5, kwa hiyo majike wadogo wanazaliwa mwezi wa Juni. Juni ya mwaka unaofuata wametimiza mwaka mmoja, na wako tayari kupandwa. Jumla ni miezi 17. Beberu yule akiwa bado yumo bandani, atawapanda binti zake mwenyewe. Baada ya miaka michache mbuzi wanazaliwa wadogo, wanyonge, wengine wafu, na mwenye mbuzi husema ardhi imechoka au jirani ana jicho baya. Dawa yake ni penseli na daftari, na kubadilishana beberu na mtu wa mbali kila baada ya mwaka mmoja hivi. Lakini huyo mtu wa mbali utamjuaje, naye atakujuaje, ikiwa hakuna asemaye ana nini?

Hapa kwetu Kenya kitabu cha kuandika ukoo wa mifugo, kiitwacho Kenya Stud Book, kilianzishwa mwaka 1920. Katika enzi ya ukoloni waliokitumia walikuwa hasa wenye mashamba makubwa. Fahali wao alikuwa na cheti, na cheti kikampa bei. Ng'ombe wa mtu mdogo hakuwa na cheti, hata kama alikuwa bora. Tangu mwaka 1962, kwa mpango wa ekari milioni moja, mashamba mengi ya nyanda za juu yaligawiwa wakulima wadogo, na hapa pwani pia watu walipewa ardhi katika skimu kama Shimba Hills, Magarini na Mpeketoni. Ardhi iligawanywa. Desturi ya kuandika mifugo haikugawanywa pamoja nayo. Mimi nasema huu ndio urithi ambao mkulima mdogo hajaudai bado, na kuudai hakuhitaji kibali cha mtu.

Niwape mfano wa soko lililo karibu nanyi. Mimi nakaa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Kila mwaka Idi ya kuchinja inapokaribia, watu wa hapa, wa Kibokoni na wa mitaa mingine hutafuta mbuzi. Hawatafuti mbuzi yeyote tu. Mbuzi wa kuchinja lazima awe ametimiza mwaka mmoja, asiwe chongo, asiwe kilema, asiwe mgonjwa wala aliyekonda kupita kiasi. Mnunuzi asiyejua tarehe ya kuzaliwa humfungua mbuzi mdomo akatazama meno, akabishana na muuzaji, na mara nyingi huondoka na wasiwasi. Mtu huyu angefurahi sana kupata mkulima wa Kilifi au Kwale anayemwambia hivi: mbuzi huyu alizaliwa tarehe fulani, amechanjwa mwezi fulani, njoo umwone na mama yake.

Mkulima anayetaka kulishika soko hilo atumie hesabu ile ile ya miezi 17. Miezi 5 ya mimba na miezi 12 ya kukua. Kwa hiyo beberu awapande majike miezi 17, au zaidi kidogo, kabla ya Idi. Akumbuke pia kwamba Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo hesabu ya mwaka jana haimfai mwaka huu. Je, ni wangapi kati yenu wapangao hivyo? Wengi hupeleka Mariakani au Bamba mbuzi yeyote aliyepo siku ile shida ya karo inapoingia, na mwenye shida hapangi bei.

Sasa najua maneno mtakayoniambia. La kwanza ni kwamba madalali watakasirika. Mimi simtukani dalali. Yeye hulipa lori, hutafuta kibali cha kusafirisha mifugo, na mbuzi akifa njiani hasara ni yake. Mbuzi wa nyama wa kawaida, muuzieni. Lakini mnyama wa mbegu, na mbuzi wa Idi uliyemlea kwa mpango, ukimtia katika lori moja na wengine, kazi yako ya mwaka mzima inapotea jina. Atauzwa kwa uzito na sura yake tu, na yule atakayempenda hatajua amtafute nani mwaka ujao.

La pili mtasema: sisi si watu wa intaneti. Jibu langu ni kwamba simu iko mikononi mwa watu wengi vijijini, na pesa kwa simu tumezizoea tangu mwaka 2007 ilipoanza M-Pesa. Wewe kama hujui, mtoto wako aliye sekondari anajua. Tena si lazima kila mtu awe na ukurasa wake. Watu kumi wa skimu moja waweza kuwa na ukurasa mmoja wenye jina la skimu yao, kila mtu akaandika wanyama wake kwa jina lake, na mwongo akatolewa. Asiyetaka hata hilo, na apeleke mnyama wake katika maonyesho ya kilimo ya Mombasa kule Mkomani, na abandike kibao penye njia ya shamba lake. Njia si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni kwamba mfugaji aseme kwa kinywa chake.

La tatu mtasema kwamba kujisifu ni aibu. Kweli, kujisifu ni aibu, lakini kueleza si kujisifu. Ukisema, "Mbuzi wangu ni bora kuliko wote," umejisifu. Ukisema, "Mama yake alizaa mapacha mara mbili, baba yake ni mbuzi wa Galla, amechanjwa sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu," umeeleza. Mnunuzi atapima mwenyewe.

Basi anzeni na daftari, wala msitangulie kutangaza kabla hamjaandika. Kila mnyama apewe jina au namba sikioni. Andikeni tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, idadi ya waliozaliwa pamoja, chanjo na tarehe yake, na ugonjwa wowote aliougua. Penye maziwa, pimeni kwa kikombe kile kile kila siku. Anayefuga mbwa wa kulinda na awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila mbwa anayeuza, maana Serikali imekusudia kufikia mwaka 2030 asife mtu tena kwa ugonjwa huo, na haitawezekana ikiwa mbwa wanauzwa bila kuchanjwa. Bwana mifugo akija, mwonyesheni daftari, atie sahihi yake penye chanjo.

Nanyi mnaonunua, jihadharini. Picha nzuri si mnyama. Yuko mtu atakayechukua picha ya fahali wa mwenziwe, aweke namba yake, apokee malipo, kisha simu isiite tena. Msitume fedha kabla ya kuona mnyama na mama yake na daftari. Udanganyifu huu si wa leo. Tangu enzi za Mtume watu walikuwa wakiacha kumkamua mnyama siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike, naye alikataza jambo hilo, akampa mnunuzi haki ya kumrudisha mnyama. Mfugaji mwema na aseme waziwazi kwenye tangazo lake kwamba mnyama asipokuwa kama alivyoelezwa, atampokea tena. Maneno hayo machache yatamletea wateja kuliko picha mia.

Methali ya wazee na ibaki pale inapofaa, kwenye embe na kitambaa. Kwa mnyama wa mbegu mimi nasema kizuri chataka msemaji. Usipomsemea mnyama wako, atasemewa na mtu asiyemjua, na bei itakuwa ya mtu asiyekujali. Daftari la kurasa 96 halizidi bei ya mayai machache. Linunueni mwezi huu, kabla ya jike wa kwanza kuzaa.

Karani wa Kilimo,
Kuze, Mombasa