Theluji Haina Mwenyewe

Mkenya anaruhusiwa kuwa kwenye theluji kwa sababu tatu tu. Ya kwanza, ameenda kusoma. Ya pili, ameenda kutafuta kazi, na ile picha ya koti zito ni ya kuwatuliza walio nyumbani kwamba mambo yanasonga. Ya tatu, anaiwakilisha nchi, kwa hivyo hata akimaliza wa mwisho ana bendera ya kujifunika. Ukienda kwa sababu ya nne, yaani kucheza tu na marafiki zako na kurudi, jipange kujieleza.

Mimi nimechoka kujieleza. Julai iliyopita tulikuwa wasee wanne, tunajuana tangu shule ya upili, tukaenda Lesotho kuteleza kwa ski. Tulichanga elfu tatu kila mmoja, kila mwezi, kwa miaka miwili. Chama kama chama kingine, ila hatukununua hema za kukodisha wala ploti Kitengela. Shangazi yangu aliposikia aliuliza kitu kimoja: "Sasa mmeleta nini?" Jirani naye akamalizia: mtu ameacha chuo, hajaajiriwa, halafu anaenda kucheza na barafu ya wazungu.

Tuanze na hiyo "ya wazungu". Mwaka 1848 mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Yeye akaduwaa. Kiongozi wake wa safari alikiita tu baridi, basi. Waliokataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta ni wasomi wa Uingereza waliokuwa wamekalia viti vyao huko huko. Ubishi ulikuwa wao. Watu waliolima chini ya ule mlima walikuwa wakiiona kila asubuhi mawingu yakifunguka.

Na hata hao Waswisi, ski si urithi wa mababu zao. Ilitoka Skandinavia, ambako watu waliitumia kusafiri na kuwinda kwa maelfu ya miaka. Ilipofika Davos mwishoni mwa karne ya 19, inasimuliwa kwamba ndugu wawili wa ukoo wa Branger walikuwa wakifanya mazoezi usiku ili wasichekwe na majirani. Majirani! Kumbe hata Alps kulikuwa na mashangazi. Mwaka 1894 ndugu hao walimwongoza Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, wakavuka mlima kwa ski hadi Arosa. Akaandika kwamba siku itafika Waingereza watamiminika Uswisi kwa msimu wa ski. Wakamiminika kweli, na hakuna aliyewauliza wameleta nini.

Halafu tuna Philip Boit. Nagano, Japani, 1998, mbio za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki za majira ya baridi. Alikuwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu kabla, huko Ufini, katika mradi uliodhaminiwa na Nike. Alimaliza wa mwisho, nambari 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Kilikuwa kitendo cha utu, na Boit akampa mwanawe jina Dæhlie. Hao wawili sina neno nao. Neno langu ni kwa wanaoisimulia. Olimpiki zikikaribia hadithi hii hufukuliwa, na kila mara inaishia kwenye lile kumbatio, kana kwamba Mwafrika kwenye theluji hajafika hadi mzungu ampokee. Kwamba Boit alirudi 2002, akarudi tena 2006, hiyo sehemu huisikii sana. Na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya akalelewa Austria, akawa mwanamke wa kwanza kutuwakilisha kwenye michezo hiyo mwaka 2018? Kwake hakuna kioja. Anajua tu kuteleza. Labda ndiyo sababu wengi wetu hatumjui.

Sasa niwaambie tulichofanya, maana raha nayo ni hoja. Alps hatukujaribu. Viza ya Schengen ni yuro 90 ambazo ukinyimwa hurudishiwi, lakini tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza. Tukatua Johannesburg, tukakodi gari, tukavuka mpaka, tukapanda Moteng kwa zile kona za kukunja tumbo. Njiani wachungaji wa Kisotho wako juu ya farasi, wamejitanda mablanketi, wanatutazama sisi tunaotetemeka ndani ya gari lenye hita. Afriski iko kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu ni Juni hadi Agosti, wakati Ulaya wanaota jua.

Viatu vya ski ni vigumu kama plasta ya mguu uliovunjika. Mwalimu wetu, Msotho wa umri wetu, alitufundisha kufunga breki: kutanisha ncha za mbele, tanua nyuma, kama kipande cha pizza. Tulianguka, manze. Mmoja wetu alikuwa akianguka huku anaomba msamaha, hata kama hajagonga mtu. Watoto wa miaka sita walitupita wakipiga mluzi. Simu zilizima kwa baridi, kwa hivyo mambo mazuri zaidi hayana picha. Usiku tulicheza karata, soksi zetu zikikauka kando ya hita. Siku ya tatu niliteremka kutoka katikati ya mlima hadi chini bila kuanguka. Sekunde kama arobaini hivi. Tangu niache chuo, sikumbuki muda mwingine ambao sikuwa nafikiria maisha yangu yanaonekanaje kwa watu.

Utaniambia hizo ni raha za wenye doo. Elfu tatu kwa mwezi si kidogo, na wengi hawana, najua. Lakini doo hiyo hiyo ningeichangia kamati ya harusi ya binamu, keki ya ngazi saba, hakuna ambaye angeniuliza nimeleta nini. Shida si pesa. Shida ni kwamba kijana asiye na cheti anatakiwa aonekane akiteseka mpaka aomoke.

Utaniambia pia kuhusu hali ya hewa, na hapo nakusikia. Ndege yetu ilitoa moshi, na sehemu ya theluji ya Afriski hutengenezwa kwa mashine. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu yake na ya Mlima Kenya itakuwa imekwisha kufikia 2050. Deni hilo halikuanzishwa na chama cha watu wanne, wala halitalipwa kwa sisi kukaa nyumbani tukiona aibu. Ila mtoto wa Nyeri akikua akiambiwa theluji ni ya wazungu, siku ile Kirinyaga itabaki mwamba mtupu atahesabu hasara ya nani?

Chama chetu bado kinachanga, kila tarehe tano. Nafasi ya mtu wa tano ipo.