Jembe la Mgeni
Jumanne nilikuta vijana wa Kizungu katika duka moja mjini Malindi wakinunua puto na penseli za rangi za kupeleka kituo cha watoto yatima. Sina ubaya nao, walikuwa na moyo kweli. Lakini walifuatana na katoto ka miaka minne hivi, kamemng'ang'ania binti mmoja shingoni hakataki kushuka, na huyo binti, alivyoniambia mwenyewe, anarudi kwao Jumapili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe lao ni kamera. Mwezi ujao watakuja wengine, na katoto katatafuta shingo nyingine. Tena si wote walio vituoni ni yatima: tangu 2009 shirika la Save the Children lilishasema kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya watano walio vituoni wana mzazi aliye hai. Kenya nayo ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017. Kinachowatoa watoto wengi nyumbani ni ufukara tu, na nauli ya ndege ya mgeni mmoja ingemlipia mama wa mtoto kama huyo kodi ya chumba mwaka mzima. Tusifichane: yatima wengine hutengenezwa na wafadhili wao. Ukiwa na rafiki ng'ambo anayepanga safari ya namna hii, mwambie hizo pesa zimfikie mama.