Jedwali la Majina Katika Hati za Amri

Mwalimu anapotafuta alama za Asha katika daftari la darasa, hajiulizi kwanza Asha ni wa ngapi katika orodha. Hulitafuta jina, na mkabala wa jina huiona alama. Kumbukumbu ya kompyuta haikupangwa hivyo. Vyumba vyake vina namba tu, na ili jina lifikishe kwenye chumba chake, sharti kwanza ligeuzwe kuwa namba. Mbinu hiyo ilielezwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM mwaka 1953, na juu yake yamejengwa majedwali ambayo ufunguo wake ni jina.

Lugha ya AWK, iliyotungwa mwaka 1977 na Aho, Weinberger na Kernighan, ilikuwa na jedwali la namna hii tangu mwanzo. Bash, ambayo ndiyo msomaji wa hati za amri katika kompyuta nyingi za Linux, ilitolewa mwaka 1989 lakini ikalipata jedwali la majina mwaka 2009, katika toleo la 4.0. Kuchelewa huko kumeacha alama. Safu za namba zilikwisha kuwamo, na kila kilichoandikwa ndani ya mabano ya mraba kilisomwa kuwa hesabu. Ili hati za zamani zisiharibike, jedwali jipya likawekewa sharti la kutangazwa kwanza, kwa amri hii:

declare -A alama

Mwanafunzi akiisahau amri hiyo, kisha akaandika alama[Asha]=62, alama[Juma]=48 na alama[Neema]=71, Bash haigombi. Hulichukua neno Asha kuwa ni jina la kigeu cha hesabu. Na kwa kuwa kigeu hicho hakikupewa thamani yoyote, hukihesabu kuwa sifuri. Juma naye ni sifuri, na Neema vilevile. Alama zote tatu huingia katika chumba kimoja, ya mwisho ikizifuta zilizotangulia. Ukiuliza alama ya Asha utajibiwa 71. Ukiuliza ya Juma, 71. Hati imekwenda mpaka mwisho bila lawama, na darasa zima limefaulu sawasawa!

Wako wanaoshikilia kwamba kwa sababu hii hati za amri zisifundishwe kabisa, na mwanafunzi apelekwe moja kwa moja kwenye lugha kama Python, ambayo haina mtego huu. Kwa programu kubwa shauri lao ni jema. Kwa shule, hata hivyo, hoja hiyo haitoshi. Kosa linalopiga kelele hujifundisha lenyewe. Lile linalonyamaza ndilo linalohitaji mwalimu, na ni nadra kupata mfano mfupi kama huu, wa mistari mitatu, unaoweza kuandikwa ubaoni na kuhakikishwa kwa kalamu kabla kompyuta haijawashwa.

Tena mtego hauishii kwa wasahaulifu. Kompyuta za Apple zimeendelea kuja na Bash ya toleo la 3.2, ambayo haiijui amri ya tangazo. Hulalamika kwa mistari miwili, kisha huendelea na kazi, na alama hurundikana katika chumba cha sifuri kama kwanza. Mwanafunzi asiyeisoma mistari ile atadhani mambo ni shwari.

Yafaa pia mwalimu asitumie majina kuwa funguo kwa muda mrefu, kwani darasani huenda wakawamo akina Juma wawili, na wa pili atamfuta wa kwanza hata kama tangazo limefanywa. Namba ya mtahiniwa ni ufunguo bora. Nayo yenyewe yataka tangazo. Katika safu ya kawaida, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa hesabu ya kizio cha nane: alama za mtahiniwa 0010 huwekwa katika chumba cha 8, na orodha ikichapwa zitatokea mbele ya namba 8. Kwa mtahiniwa 0008 Bash hukataa, kwa kuwa tarakimu 8 haimo katika kizio hicho. Jedwali likitangazwa, 0010 hubaki 0010, herufi kwa herufi. Wanafunzi wapewe namba 0007 hadi 0012, waandike kwanza daftarini kila moja itaangukia chumba gani bila tangazo, ndipo waiendeshe hati na kulinganisha.