Kutapisha Vyoo Wakati wa Mvua: Najisi Yetu Mlangoni kwa Jirani

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hakuna mkazi wa Dar es Salaam, hususan wa maeneo ya bondeni kama Jangwani, Kigogo, Tandale na Vingunguti, asiyeijua desturi ya kutapisha vyoo. Mvua kubwa inaponyesha, mwenye nyumba ambaye shimo lake limejaa hulitoboa ubavuni, au huzibua bomba alilolificha tangu siku ya ujenzi, na vilivyomo vikachukuliwa na mkondo wa mvua mpaka uchochoroni, mtaroni na uani kwa jirani. Asubuhi yake watoto huyakanyaga maji hayo wakienda shule na madrasa, na mtaro huyafikisha katika Mto Msimbazi.

Tunakusudia katika makala haya kubainisha mambo matatu: kwamba kitendo hiki ni dhulma iliyokatazwa na dini yetu, kwamba sheria ndogo za halmashauri zinazokizuia zinastahiki kutiiwa na Muislamu, na kwamba halmashauri nazo zina deni kwa wananchi ambalo hazijalilipa.

TWAHARA ISIYOVUKA UKUTA

Somo la kwanza tunalowafundisha watoto katika fiqhi ni twahara. Tunawafundisha aina za maji, namna ya kustanji, na jinsi ya kuondosha najisi katika nguo hata ikiwa ni tone. Tunawasimulia habari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya watu wawili waliokuwa wakiadhibiwa makaburini, mmoja wao kwa kutojikinga na mkojo wake. Haya yote ni haki, na hatuna budi kuendelea kuyafundisha.

Lakini inakuwaje mtu achunge tone katika kanzu yake, kisha usiku huohuo afungulie mapipa kwa mapipa ya najisi yapite kizingitini kwa mwenziwe? Jirani huyo naye ana mkeka wa kuswalia, ana mtungi wa maji na ana mtoto anayetambaa. Twahara yetu haiwezi kuishia kwenye ukuta wa nyumba zetu.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Muadh bin Jabal, ametuonya na sehemu tatu zinazomletea laana mwenye kujisaidia hapo: penye maji wanayoyaendea watu, katika njia, na katika kivuli. Akakataza pia kukojoa katika maji yaliyotuama. Ikiwa haja ya mtu mmoja katika njia inaleta laana, tuseme nini juu ya shimo zima la familia nne au tano lililoelekezwa njiani kwa makusudi?

Wala madhara yake si ya kudhania. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulienea sehemu kubwa ya nchi na kufika Zanzibar, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2018 walikuwa wamesajiliwa wagonjwa zaidi ya 33,000, na waliofariki walizidi 500. Njia ya maradhi haya inajulikana: kinyesi cha mgonjwa huingia katika maji au chakula cha mzima. Anayetapisha choo hajui nani katika wapangaji wake amebeba vimelea, wala hajui kisima cha nani kitavipokea.

HOJA YA "SHIMO NI LANGU"

Wapo wanaosema: "Shimo ni langu, kiwanja ni changu, nani wa kuniingilia?" Na mwenye kusoma kidogo huweza kuongeza kwamba madhehebu ya Imamu Shafii yanampa mmiliki uhuru mpana. Hoja hii ina asili, nasi hatutaki kuificha. Khatib ash-Shirbini, aliyefariki mwaka 977 Hijria, ameeleza katika Mughni al-Muhtaj kwamba mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada, hata kama jirani atapata taabu, na akatoa mfano wa shimo la choo lililobadilisha maji ya kisima cha jirani.

Hata hivyo, maneno hayo yana mipaka yake. Kwanza, yanazungumzia kuchimba shimo ndani ya milki yako. Hayazungumzii kulitoboa na kupeleka vilivyomo katika milki ya mwingine na katika njia ya watu wote. Hilo la pili ni uvamizi. Pili, ruhusa imefungwa na ada, na mwenye kuivuka ada kwa kufanya uchokozi hubeba dhamana ya alichokiharibu. Ada ya vijiji vya zamani, ambapo nyumba iliachana na nyumba kwa shamba la minazi, siyo ada ya Manzese ambapo ukuta unagusana na ukuta. Tatu, wapo maulamaa wengine, hasa wa madhehebu ya Maliki, waliolibana jambo hili zaidi. Ibn ar-Rami, fundi mwashi wa Tunis katika karne ya 8 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na humo amekusanya migogoro ya majirani kuhusu kuta, mifereji na maji machafu. Miji ya Kiislamu iliyaamua mambo haya mahakamani karne nyingi kabla ya mabaraza ya miji yetu kuundwa.

Juu ya yote hayo ipo kanuni iliyojengwa juu ya kauli ya Mtume (s.a.w.) ya kukataza kudhuru na kudhuriana. Upo pia mfano aliotupigia, uliomo katika Sahihi Bukhari, wa watu waliogawana jahazi, wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wataangamia wote. Anayesema "shimo ni langu" anarejea maneno ya abiria wale wa chini.

SHERIA YA HALMASHAURI NA MUISLAMU

Baadhi ya ndugu zetu huona kwamba sheria ndogo za manispaa ni kanuni za kidunia zisizotuhusu, na kwamba kosa lipo katika kukamatwa tu. Fikra hii tunaipinga. Halmashauri za miji zimepewa mamlaka ya kutunga sheria ndogo na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, na usafi umo katika mamlaka hayo. Pia ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kinachotakiwa na sheria hizi katika suala la majitaka ni kile ambacho muhtasibu wa miji ya Kiislamu alikisimamia sokoni na mitaani: kuondosha madhara. Amri inayozuia haramu haiwi batili kwa sababu imepigwa muhuri wa manispaa.

Aidha, maulamaa hawakuacha kuwasikiliza wataalamu katika milango hii. Baraza la Maulamaa Wakubwa la Saudi Arabia, mwaka 1398 Hijria (1978), lilipoulizwa kuhusu majitaka yaliyosafishwa, lilizingatia maelezo ya wataalamu kabla ya kutoa uamuzi kwamba maji hayo hutwaharika iwapo rangi, ladha na harufu ya najisi vimeondoka kabisa. Basi bwana afya wa kata anapotuambia shimo letu liko karibu mno na kisima, tusimfanyie kejeli.

DENI LA HALMASHAURI

Pamoja na hayo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Gari la kunyonya haliwezi kupita katika vichochoro vya mitaa isiyopimwa, na hata linapoweza, gharama ya safari moja ni mzigo kwa mwenye kipato cha siku. Ndiyo maana watu huwaita vijana waitwao "vyura", ambao huingia shimoni kwa miili yao na kuhatarisha maisha yao. Kumtoza faini mjane wa bondeni, kisha kuifumbia macho hoteli au kiwanda kinachomwaga majitaka mtoni, si kusimamia sheria. Ni kuchuma kwa wanyonge.

Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameandika katika al-Ahkam as-Sultaniyya kwamba maji ya mji yakiharibika, muhtasibu huamrisha yatengenezwe kwa mali ya Baitul Mal. Na mali hiyo isipokuwepo, jukumu huwaangukia wenye uwezo katika watu wa mji. Serikali inatangulia kuwajibika, na inaposhindwa, sisi hatupati udhuru wa kukaa kitako.

TUANZIE MISIKITINI

Kwa hiyo tunapendekeza. Kila msikiti na madrasa ikague shimo lake kabla ya mvua za masika. Maji ya udhu yatenganishwe na ya choo: haya ya udhu ni twahara, yanafaa kumwagiliwa miti, na yakiingizwa shimoni hulijaza bure. Kamati za misikiti zianzishe mfuko wa mtaa wa kunyonya mashimo, nyumba zichangie kidogo kidogo, na asiye na uwezo asaidiwe kwa sadaka. Wenye nyumba za kupangisha watenge sehemu ya kodi kwa kazi hiyo. Na wajumbe wetu katika serikali za mitaa wadai vifaa vidogo vya kunyonya vinavyopita vichochoroni, na waulize fedha za faini zinakwenda wapi.

Makhatibu nao walitaje jambo hili mimbarini kwa jina lake. Kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani. Itakuwaje kwa anayeuweka?

Tunamuomba Allah (s.w.) atutwaharishe nyoyo, miili na mitaa yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.