Jina Lake Nani?

Kipindi cha juzi tuliitaja The Handmaid's Tale dakika mbili tu, kisha tukakimbilia mambo mengine. Mie sikuridhika, kwa hivyo namalizia hapa.

Kwa asiyeisoma: Margaret Atwood aliitoa 1985, na wengi wa rika letu wameijua kwa tamthilia ya televisheni iliyoanza 2017. Serikali ya Marekani imepinduliwa, pamezaliwa nchi inayoitwa Gilead. Wanawake wanafungiwa akaunti za benki na kufukuzwa kazi, na wenye uwezo wa kuzaa wanagawiwa kwa wakubwa wa serikali wawazalie watoto. Msimuliaji anaitwa Offred, yaani "wa Fred". Fred ndiye bwana wa nyumba. Akiondoka yeye, jina linabaki palepale, na atakayeletwa baada yake atalivaa hilohilo kama sare.

Atwood amesema hakutia kitabuni jambo ambalo binadamu hawajawahi kulifanya mahali fulani. Akili yangu haikuhangaika kutafuta mahali penyewe. Ilikwenda Unguja moja kwa moja.

Septemba 1970, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wajumbe wa Baraza la Mapinduzi. Walikuwa hawawataki. Serikali ya Karume haikutaka kusikia habari ya kukataa, na jamaa zao wakakamatwa. Magazeti ya nje yaliandika sana. Majumbani kwetu huku Ibra na Nizwa kisa hicho husemwa kwa sauti ya chini, tena kwa sentensi mbili, kisha mtu anauliza kahawa iko wapi.

Kwetu sisi kilikuwa na mkia. Mamangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na sita, na babu akaona bora amuoze kwa mtoto wa ami yake kabla hajatokea mkubwa wa kumtaka. Wiki moja tu, arusi. Ukoo mzima unahadithia kuwa aliokolewa, na kweli aliokolewa. Lakini wallahi, katika hadithi yote hiyo sijasikia hata mtu mmoja akisema kuwa yeye aliulizwa.

Sasa, ingekuwa rahisi kuishia hapo, maana waliotenda ni wale tuliowakimbia. Hebu turudi nyuma kidogo, kwenye nyumba zetu wenyewe. Majid na Barghash, masultani wa Zanzibar, wote mama zao walikuwa masuria. Mtoto wa suria alikuwa halali, akiitwa bin fulani sawasawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Mama ndiye aliyekuwa mali. Mwaka 1897 sheria ya Zanzibar iliwaruhusu watumwa kudai uhuru mahakamani, ila masuria walitengwa: walihesabiwa kama wake, hawawezi kuondoka isipokuwa wathibitishe ukatili. Mlango wao ulifunguliwa 1909. Miaka kumi na mbili mtu anaambiwa wewe si mtumwa, wewe mke, kaa ndani. Gilead wangeipenda sheria hiyo.

Sayyida Salme ndiye aliyetupa majina. Katika kumbukumbu zake za 1886 alimwandika mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo. Bila ya binti kukimbilia Ujerumani na kushika kalamu, mwanamke huyo angebaki "suria mmoja wa Sayyid Said", basi.

Tunajisifu, na kwa haki, kwamba mwanamke wa Kiomani akiolewa habadilishi jina. Anabaki bint fulani mpaka kaburini. Sawa. Lakini tazama kadi za arusi zilizomo kwenye droo ya mama yako. Ngapi zimeandika jina la bwana arusi kwa wino wa dhahabu, na bibi arusi ni "karimati" ya baba yake? Binamu yangu ametutumia WhatsApp shajara ya ukoo, vizazi tisa, kazi kubwa, namshukuru. Wanaume watupu. Niliuliza mama wa babu yetu wa nne ni nani, maana sura zetu zinasema alitoka bara. Kimya. Halafu mtu akatuma picha ya halua.

Mwisho wa riwaya ya Atwood, maprofesa wanakutana 2195 kuijadili simulizi ya Offred. Wanatania, na hamu yao kubwa ni kujua bwana wake alikuwa nani. Yeye hawamjui, wala hawaumii sana.

Mamangu mkubwa yuko Sur siku hizi. Mwezi uliopita nilimuuliza kama alitaka kuolewa. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, nilitaka kumaliza skuli." Kisha akanitajia mwalimu wake, na mabinti wote aliokaa nao dawati moja, jina kwa jina, na mtaa wa kila mmoja.

Nimemwomba turekodi. Kasema Ijumaa, baada ya chakula, wajukuu wakishalala.