Upimaji wa dawa za kulevya kazini na katika ruzuku

Kipimo cha mkojo hakithibitishi kwamba mfanyakazi amelewa akiwa kazini. Mabaki ya bangi hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hata wiki nyingi, ilhali kipimo cha pumzi hugundua pombe ya saa hizo tu. Tofauti hiyo ina uzito nchini Kenya. Sheria ya Ajira ya 2007 humruhusu mwajiri kumfuta kazi papo hapo mtu aliyelewa saa za kazi hadi akashindwa kuifanya. Alichovuta Jumamosi nyumbani ni jambo lingine. Dereva wa matatu apimwe, naam, kwa kuwa amebeba roho za watu. Karani hana sababu hiyo.

Kwa wapokeaji wa ruzuku ya serikali ya Inua Jamii, yaani wazee, yatima na wenye ulemavu mkubwa wanaopewa shilingi 2,000 kwa mwezi, kupimwa kungekuwa dhuluma tupu. Jimbo la Florida, Marekani, lilijaribu mwaka 2011: ni asilimia 2.6 tu ya waombaji wa ruzuku waliopimwa waliogunduliwa kutumia dawa za kulevya, na mahakama ikaibatilisha sheria hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo hulinda faragha katika kifungu cha 31, bila kuwabagua maskini.