Usukani Ukijifunga, Usiite Fundi Kwanza

Wacha niseme hii kitu na walimu wa udereva wanisamehe: tunafunzwa kupita mtihani, hatufunzwi gari. Unalipa karo, unasimama mbele ya ile meza ya mji wa mbao ukisukuma kigari cha kuchezea, unakariri nani ana haki kwa raundiabauti, unapita, NTSA wanakupa leseni. Halafu asubuhi moja unaingia kwa gari la mzazi, unachomeka ufunguo, haugeuki. Usukani nao umekuwa jiwe. Masomo yote yanaishia hapo hapo.

Kuna mama mtaani kwetu ana Vitz nyeupe. Siku moja ikamfanyia hivyo akienda kazi. Akamwita fundi, fundi akaja na bodaboda. Jamaa akashika usukani na mkono mmoja, ufunguo na ule mwingine, sekunde tano hivi, gari likawaka. Akaitisha elfu mbili. Watu walimtukana sana alipoondoka, lakini mimi simlaumu. Alilipwa kwa kujua. Ninayemlaumu ni yule aliyechukua karo ya huyu mama miaka hiyo yote iliyopita bila kumwonyesha kitu cha sekunde tano.

Na huyo fundi alikuwa mzuri, aki. Kuna wale wangemwambia swichi nzima imekufa, inabidi ing'olewe, na vile tu "nina mtu wangu Kirinyaga Road."

Sasa sikia vile inafanya kazi. Ukitoa ufunguo, kuna pini ya chuma karibu na mhimili wa usukani ambayo inakaa tayari kuingia kwa shimo lake. Usukani ukizunguka kidogo, labda uliushikilia ukishuka, labda tairi liliegemea ukingo wa barabara, pini inaingia, tap, usukani unakataa. Gari halijaharibika. Hiyo ni kinga ya wezi. General Motors waliiweka kwa magari yao ya 1969, na sheria ya Marekani kuhusu wizi wa magari ikaanza kufanya kazi 1970. Kwa hivyo kitu kinachokutoa jasho leo ni cha zamani kuliko wazazi wa wengi wenu hapa.

Na mbona ufunguo nao unakataa? Kwa sababu pini imebanwa. Tairi lililopinda linasukuma usukani, usukani unakandamiza pini, na pini iliyokandamizwa hairudi ndani hata uvute aje. Kwa hivyo ukitumia nguvu kwa ufunguo unapigana na kitu kibaya. Gusa usukani kwanza. Utasikia upande mmoja ni ukuta kabisa, upande ule mwingine una kanafasi kidogo. Sukuma polepole upande wenye nafasi, ushikilie hapo, na mkono wa pili ugeuze ufunguo. Basi. Kama gari lako ni la kubonyeza kitufe na lina hiyo kufuli, ni vile vile tu, unasukuma usukani ukibonyeza.

Ikikataa, jaribu ufunguo wa akiba, ule uliofichwa kwa droo tangu gari linunuliwe. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yashatumika, na meno ya ufunguo yanalika kama meno yetu. Wa akiba ukifanya kazi, ugonjwa umeujua: chonga ufunguo mpya ukifuata huo wa akiba, si ule uliolika. Na tafadhali, mafuta ya kupikia hayaingii kwa tundu la ufunguo. Yanashika vumbi, na mwezi ujao utarudi hapo hapo ukiwa na shida mara mbili. Unga wa grafiti ndio wa kufuli.

Kuna pia ile ya ufunguo kukataa kutoka. Gari la otomatiki, angalia gia iko P kabisa, isiwe karibu na P. Kwa magari mengine betri ikikufa ufunguo unabaki umeshikwa, kwa sababu kinachouachilia kinatumia stima. La manyuali, mara nyingi unausukuma ndani kidogo ndio ugeuke hadi mwisho.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuandika si elfu mbili ya fundi.

Kuna watu hujivunia ufunguo uliolika mpaka unatoka gari likiwa linanguruma. Nimeona video kadhaa, dereva anauchomoa akiwa barabarani, anaupepea, mbogi inacheka. Wasee, hiyo kufuli ikiingia mkiwa kwa mwendo, hakuna usukani. Na wako wale wanaozima injini kwa mteremko, tuseme ile ya kushuka Mai Mahiu, ati wanaokoa mafuta. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na breki ukizikanyaga mara chache zinakuwa ngumu kama tofali. Hata hayo mafuta hauokoi. Gari la kisasa likiwa kwa gia na umeachilia mafuta kwa mteremko, linajikatia lenyewe. Injini ikikuzimikia ukienda, usifike popote karibu na kuchomoa ufunguo. Uache pale ulipo, shika usukani kwa nguvu, utaenda tu, utafute pembeni.

Ukidhani natia chumvi, soma kuhusu GM mwaka wa 2014. Walirudisha magari kama milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa legevu. Ingeteleza yenyewe gari likienda, injini inazima, na mifuko ya hewa haifunguki mkigonga. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Na wenye magari waliambiwa nini kabla ya kutengenezewa? Watoe kila kitu kwa pete, wabaki na ufunguo peke yake.

Sasa angalia pete yako. Funguo za nyumba, kopo la kufungulia chupa, kimwanasesere, na kamba ya timu ya mpira inayofika magotini. Huo uzito wote unaning'inia kwa kitu ambacho hakipaswi kuteleza.

Kwa hivyo leo jioni, gari likiwa limeegeshwa na hendibreki juu, muombe mzazi dakika mbili. Zima, toa ufunguo, zungusha usukani mpaka usikie tap. Halafu ufungue mwenyewe. Na kama mzazi pia hajui, mfunze.